Jembe Lisilo la Adhabu

Kang.

Waliosoma pale wanaibeba sauti hiyo hadi leo: jembe limegonga jiwe. Kengele ilikuwepo, rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na ziwa lilikuwepo, likipumua kule chini nyuma ya matete. Lakini kinachorudi masikioni ni ile kang moja ya asubuhi, kabla ya mstari wa shule, kisha kimya kifupi cha mtu anayeinama, anayelitoa jiwe kwa mkono na kuliweka pembeni taratibu, kama anayeliomba radhi.

Mwanza haijapungukiwa mawe. Shule yenyewe ni ya kata, upande wa ziwa, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kiseke, nayo imebanana katikati ya miamba kama mtu aliyechelewa misa akakaa alipopata. Madarasa yako juu. Shamba liko chini, kwenye mteremko unaoishia majini. Aliyekuwa akiinama humo kila asubuhi ni Mwalimu Modesta Kashindye, mwalimu wa Kilimo, mama mrefu mwenye kilemba na mabuti ya mvua, ambaye wanafunzi walimwita Mama Matuta wakidhani hajui.

Alijua. Siku moja alilikuta jina hilo limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya majembe, na chini yake mtu amechora tuta. Hakufuta. Aliazima chaki darasa la jirani, akaongeza mfereji kando ya lile tuta.

"Aliyechora amesahau njia ya maji," alisema. "Jina liko sawa."

Nyumba yake iko ng'ambo, Kamanga, na kila siku anavuka na kivuko cha kwanza kuja mjini, kisha anapanda gari la Kiseke. Wanaovuka naye wamemzoea. Leo amebeba miche ya miti kwenye sufuria kuukuu, kesho ana gunia la samadi lililofungwa vizuri lakini lisilofichika kwa pua. Kuna kijana mmoja muuza maandazi ambaye hakosi neno.

"Mama, mboga hiyo unauza?"

"Hii haiuzwi, baba. Hii inakwenda shule. Wewe uliishia la ngapi?"

Watu wanacheka, kijana anacheka kuliko wote, na maandazi mawili yanahamia kwa Mwalimu Modesta bila mtu kuuliza bei.

Alizaliwa upande huohuo wa Sengerema, binti wa Mzee Kashindye, mkulima wa pamba na mfugaji wa ng'ombe wachache. Katika utoto wake kulima ilikuwa shughuli ya watu wengi. Vijana walikuja na ngoma, wakajipanga mstari, wakalima kwa kwenda na mdundo, na katikati ya kazi mmoja akarusha jembe juu likazunguka hewani, akalidaka kwa mpini, akina mama wakapiga vigelegele. Jioni mwenye shamba alipika. Mtoto Modesta alikua akiamini kwamba mtu akipewa jembe amepewa nafasi kwenye mstari.

Kwa hiyo wiki yake ya kwanza sekondari, alipochelewa kwa sababu ya matope ya njiani na mwalimu wa zamu akamkabidhi jembe, alifurahi. Alidhani anakaribishwa. Alishuka shambani, akainua jembe, akaanza kuimba. Alilima na kuimba mpaka kiranja akaja mbio.

"We mtoto, nyamaza! Hii ni adhabu, huoni?"

Hakuona. Ameusimulia mkasa huo mara nyingi kwa kicheko, lakini kila anapofika mwisho husema hajaelewa vizuri hadi leo.

Na ndivyo ilivyo katika shule nyingi za kwetu: jembe ni la mkosaji. Aliyechelewa, akalime. Asiyechomekea shati, akalime. Aliyekutwa anaongea Kiswahili pasiporuhusiwa, akalime. Kisha ikifika saa ya kipindi, wanafunzi haohao wanaambiwa wafungue vitabu wajifunze kwamba kilimo ni sayansi na ni ajira. Mwalimu Modesta alisema ni sawa na kumchapa mtoto kwa kijiko mwaka mzima kisha ukashangaa kwa nini hali.

Ndiyo maana alilima mwenyewe kila asubuhi. Na ndiyo maana watoto waliopita kwenye njia ya juu walimtania.

"Shikamoo, madamu! Leo umechelewa?"

"Marahaba. Nimechelewa tangu nilipozaliwa."

"Nani amekuadhibu?"

"Mvua. Imesema inakuja, na mimi sijaweka matuta."

Kabla ya ualimu alikuwa bibi shamba kwa miaka mingi, akizunguka vijijini kwa pikipiki. Aliyajua magonjwa ya mihogo kama wauguzi wanavyojua homa. Darasani alileta yote hayo. Aliwaambia wanafunzi kwamba kuna watu kazi yao ni kupima udongo maabara, kuna wanaozalisha mbegu, wanaolinda misitu, wanaohesabu samaki, wanaochora ramani za mito, na kwamba wote hao walianzia kwenye dawati kama hili, kidato kama hiki. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu. Kisha wakifika kidato cha nne, wakati wa kujaza fomu za tahasusi, yale masomo matatu ambayo mtu huenda kuyasoma kidato cha tano na cha sita, walijaza kwanza njia ya udaktari, au uhandisi, au sheria. CBA, yaani Kemia, Biolojia na Kilimo, iliandikwa mwisho kabisa, kama nguo unayoibeba safarini kwa sababu tu begi lina nafasi. Waliokwenda kilimo walikwenda kwa sababu kwingine kulikataa.

Mwalimu Modesta alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na hakuomba darasa zima. Alitaka mmoja. Mwanafunzi mmoja ambaye angeliandika somo lake juu, kwa kupenda, huku milango mingine ikiwa wazi.

Akampata Brightness.

Brightness aliishi Kiseke na mama yake, Leonsia, muuguzi wa zahanati moja huko Nyamagana. Ni watu wa Muleba, walihamia Mwanza kwa kazi. Binti alikuwa wa kwanza Biolojia na wa kwanza Kemia, na pale nyumbani udaktari wake ulikuwa umekwisha kupangwa kama fanicha. Lakini akiwa kidato cha pili, Mwalimu Modesta aliwateremsha ziwani na glasi mbili. Moja alichota penye matete, maji yakatoka meupe. Nyingine alichota chini ya mteremko wa shule, yakatoka ya rangi ya matofali. Wengine walicheka, wakasema chai ya maziwa. Brightness aliitazama ile glasi kwa muda.

"Madamu, huu udongo wetu ukishaingia humo, unarudi lini?"

"Haurudi."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Tunao huu tulionao."

Tangu siku hiyo alikuwa haishi kuja shambani. Kufikia kidato cha nne alikuwa na jaribio lake mwenyewe. Aligawa sehemu ya chini ya mteremko mara mbili. Upande mmoja aliuacha kama shule zote zinavyopenda: umelimwa, umefagiwa, hauna hata jani. Upande wa pili alipanda mabingobingo, majani marefu ya malisho, kwa mistari ya kukata mteremko, na kati ya mistari akaacha majani yaliyojiotea. Chini ya kila upande alifukia beseni, ili mvua kubwa za Machi zikija apime ni udongo kiasi gani unaoporomoka kila upande. Beseni moja lilikuwa la shule. La pili, la bluu, lilitoka jikoni kwa mama yake, na lilitoka bila ruhusa.

Jioni moja, wakiosha majembe, Brightness alisema bila kuinua macho, "Madamu, nitajaza CBA ya kwanza."

Mwalimu Modesta aliendelea kusugua jembe ambalo lilikuwa limeshatakata. Alivuka kurudi Kamanga bila kumwambia mtu. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe, Paulo, fundi wa mashine za mitumbwi, ameinamia injini iliyofunguliwa.

"Paulo, nimepata mmoja."

"Mmoja nini? Sangara?"

"Mtoto."

Spana ilianguka. Paulo alimtazama mkewe kuanzia kilemba hadi mabuti.

"Kwa umri huu, Modesta?"

Modesta alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamweleza, na Paulo, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akilalamika kwamba ameoa mwanamke aliyekwisha kuolewa na jembe, alisema tu, "Basi mlinde."

Hakumlinda, kwa sababu siku iliyohusika hakuwepo. Ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa Machi. Upepo wa usiku ulikuwa umeyasukuma magugu maji hadi yakaziba gati la Kamanga, na kivuko kilikaa asubuhi nzima kikisubiri njia ifunguliwe. Mwalimu Modesta alisimama kwenye ukingo na miche yake, akilitazama lile zulia la kijani lililotanda ziwani, akijua kwamba hata hilo limeshiba udongo wa mtu, uliorudi kwa sura nyingine.

Shuleni, mwalimu wa zamu alikuwa Clavery, mwalimu wa Historia, kijana nadhifu aliyehamia kutoka Kagera muhula huo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, na alitaka zamu yake ionekane.

Mbingu zilikuwa zimeiva kwa mvua, na Brightness alikuwa amefika alfajiri kuyasafisha mabeseni yake. Kengele ilimkuta chini kabisa, mikono ndani ya matope. Alipanda mbio, akafika mstarini wimbo umekwisha, akasimamishwa pamoja na waliochelewa.

"Wewe unatoka wapi na matope hayo?" aliuliza Clavery.

"Shambani, sir."

Mstari mzima ulicheka. Sauti moja nyuma ikasema, "Amejihukumu mwenyewe!"

Clavery naye alitabasamu. "Basi mwenzenu amewaonyesha njia. Shukeni wote. Kule chini kuna majani yamejaa kama hakuna shule. Yang'oeni. Nikija nataka nione udongo tu. Safi."

"Sir, yale majani..."

"Umeulizwa?"

"Hapana, sir."

Yakaishia hapo. Mtu ambaye hakusoma shule za kwetu angeweza kuuliza kwa nini binti huyo, mwenye akili zote zile, hakusema sentensi moja zaidi. Waliosoma hawaulizi. Mtu akiwa kwenye adhabu hajitetei, hajadili, haelezi. Analima. Brightness alishuka na wenzake, wadogo wa kidato cha kwanza wengi wao, akachukua jembe, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote akaanza mstari wa kwanza yeye. Aling'oa mabingobingo aliyoyapanda kwa mkono wake, shina kwa shina, na wadogo wakamfuata. Kufikia mapumziko ya chai palikuwa peupe. Clavery alishuka, akaona udongo tu, akasema, "Hapo sawa."

Mwalimu Modesta alifika baada ya hapo. Alipotokeza kwenye kona ya mwamba aliona pande zote mbili zimekuwa moja, na rundo la majani pembeni yanaanza kunyauka. Alidhani ni ng'ombe. Kisha akaona kwamba ng'ombe hawapangi rundo.

Alimkuta Brightness ameketi peke yake nyuma ya stoo.

"Nani amefanya hivi, mwanangu?"

"Mimi, madamu."

"Wewe?"

"Na wengine. Lakini mimi ndiye niliyeanza."

"Kwa nini hukusema ni ya kwako?"

Brightness alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inashuka badala ya kupanda. "Nilikuwa kwenye adhabu, madamu."

Mwalimu Modesta alikaa chini, karibu, akaweka miche yake mapajani.

"Unajua kitu?" Brightness alisema. Sauti yake haikuwa na machozi, na hilo ndilo lililotisha. "Nilipokuwa napanda yalikuwa kitu kingine. Lakini nilivyokuwa nang'oa, wale wadogo wakiniangalia, niliona ni majani tu. Madamu, ni majani tu. Nitajaza PCB, ile ya udaktari. Fomu zinakusanywa Jumatatu ijayo. Mama atafurahi."

Mwalimu ana maneno mengi kwa saa kama hiyo. Modesta aliyatafuta yote akaona hakuna lisilokuwa la kujipendelea. Aliinuka, akasema, "Nenda kanawe, kipindi kinaanza."

Kesho yake mama mtu alikuja, bado amevaa sare ya zahanati. Brightness alikuwa hajasema kitu nyumbani. Sketi yenye matope ndiyo iliyosema, na mtoto wa jirani akamalizia.

"Mwalimu, habari za kazi," alisema Leonsia, na salamu yake ilikuwa fupi.

"Nzuri, Mama Brightness. Karibu kiti."

"Nitasimama. Mwalimu, mimi nililimishwa sekondari yote. Nilikuwa nachota maji alfajiri kwa shangazi, nachelewa, nalimishwa. Kila siku. Sina ninachokumbuka cha kidato cha kwanza zaidi ya malengelenge. Sikujiapia mengi maishani. Nilijiapia mwanangu hatashika jembe la adhabu. Jana ameshika. Halafu nasikia wewe ndiye unataka alishike maisha yake yote."

Mwalimu Modesta alikuwa amejiandaa kwa maneno ya udaktari. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Mama Brightness," alisema, "jembe la jana hata mimi nisingempa."

Leonsia alisubiri utetezi uendelee. Haukuendelea. Walisimama wawili hao, mmoja na sare nyeupe, mwingine na mabuti, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua nani amgombeze nani.

"Na beseni langu la bluu nalitaka," Leonsia alisema mwishowe. "Nimelitafuta jikoni wiki mbili."

Mwalimu alishuka mwenyewe, akalifukua, akaliosha, akampa kwa mikono miwili.

Siku hiyohiyo, saa ya chakula, alimfuata Clavery kwenye ofisi ya walimu. Clavery alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama kabla hajaambiwa.

"Dada, mimi sikujua. Naapa. Niliona majani."

"Kaa, baba. Sijaja kugomba. Nimekuja kukuuliza habari za kwenu. Kwenu ni wapi, Muleba?"

"Muleba, ndiyo."

"Kwenye kibanja cha mama yako, chini ya migomba, kuna nini?"

"Majani," alisema Clavery. "Majani makavu. Anayatandaza. Na maganda ya maharage."

"Na ukifika likizo ukamfagilia yote, ukamwachia udongo mtupu, safi, kama ulivyotaka jana, angesemaje?"

Clavery alifikiri. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia ameitwa kwa jina la utotoni.

"Angesema nimemvua nguo mbele za watu." Akajishika kichwa. "Dada! Nyumbani ningechapwa kwa kitu nilichokiamuru jana."

"Shule ndiyo imetufundisha kufagia," Mwalimu Modesta alisema. "Wote. Kesho asubuhi uje. Kuna majembe mawili."

"Ila mimi matuta sijui. Sisi Wahaya mgomba unajilea, sisi tunausimamia tu."

"Nimesikia. Na kahawa mnaisimamia kwa miwani. Njoo na viatu vibaya."

Alikuja na viatu vizuri, kwa sababu hakuwa na vibaya. Waliyachambua mabingobingo kutoka kwenye rundo, wakayatenga yaliyokauka, wakayapanda upya mashina yenye uhai. Kisha Modesta akamwonyesha namna walivyolima kwao: unalipasua tuta la zamani katikati, majani yanaingia kwenye mfereji, udongo unafunikwa juu yake, na palipokuwa mfereji panakuwa tuta jipya. Kilichong'olewa hakitupwi, kinalazwa chini, kinakuwa chakula. Clavery alilima kwa jazba, jembe likigonga mawe, kang, kang, tai yake akiwa ameitupia begani.

Njia ya juu ilijaa wanafunzi. Mwalimu anayelima hawakuwa wamemwona, ukimtoa Mama Matuta ambaye hakuhesabiwa.

"Sir Clavery! Umekosa nini?"

"Ameongea Kihaya mstarini!"

"Madamu, amechelewa? Muongezee tuta!"

Clavery aliinuka, jasho linamtoka, akafungua kinywa kuwafukuza. Mwalimu Modesta alimwahi.

"Hajakosa," aliwaita kwa sauti. "Analima."

Walicheka. Lakini walikaa. Walikaa hadi kengele, wakitazama, na kati yao, nyuma kabisa, alikuwepo Brightness na begi lake kifuani. Hakushuka. Mwalimu Modesta alimwona, hakumwita.

Kabla ya zamu yake kuisha, Clavery alisimama mstarini akatangaza kwamba kwa upande wake anayechelewa atafagia madarasa. Shambani watakwenda wenye kazi nako. Kisha akasema jambo ambalo shule ile haikuwa imelisikia kwa mwalimu: "Brightness wa kidato cha nne, Jumatatu nilikukatiza. Nisamehe." Brightness alijibu, "Asante, sir," akiangalia viatu. Ijumaa ilipita. Kwenye shamba, yale mashina yalisimama bila kuamua kama yanakufa au yanapona.

Jumapili mvua ilishuka, ile ambayo watu walikuwa wakiingoja. Habari za Kiseke siku hiyo alizisimulia Leonsia mwenyewe baadaye, mara nyingi, kila mara kwa kirefu zaidi. Anasema walikuwa wanapata chai baada ya kanisa. Maji yalianza kushuka kwenye uchochoro wao, mekundu, mazito, yakibeba ndala na ganda la embe. Alikuwa ameweka lile beseni la bluu mlangoni likinge maji ya bati, na maji ya uchochoro yakalifikia, yakaruka na kuingia. Mvua ilipopungua alilichukua alimwage. Maji yalimwagika, na chini likabaki tope la kushika, zito kama ugali.

"Sasa hili nalo linatoka wapi?" aliuliza, akiuliza tu, kama watu wanavyoliuliza tope.

Brightness akamjibu. Anasema binti aliweka kikombe chini akaanza, kwamba linatoka kule juu walikokata miti na kujenga, kwamba lile tabaka la juu tu ndilo lenye chakula, kwamba likifika ziwani samaki wanakosa hewa penye mazalia yao, kwamba likiwa limeshaanza kutoka mahali kuna dalili, mifereji midogo kama vidole, na ukiiona mapema unaweza kuizuia, na ukichelewa huwezi. Aliongea hadi chai ikapoa. Mikono yake ilikuwa inaonyesha mteremko juu ya meza, kati ya sukari na mkate.

Leonsia amefanya kazi na madaktari miaka yote. Anasema alimtazama mwanawe akaona anaongea kama wao wakiwa mbele ya mgonjwa wanayemtaka apone. Hakumwambia hivyo. Alichosema ni, "Na hilo beseni, je, lilikuwa linapima hicho?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniomba."

Jumatatu kivuko kiliondoka kwa wakati. Ziwa lilikuwa tulivu na lenye rangi mbili, bluu huko mbali na kahawia kandokando ya mji. Mwalimu Modesta hakumjibu muuza maandazi neno la maana, hadi yule kijana akamuuliza kama anaumwa. Leo fomu zinakusanywa. Alikuwa amejiambia usiku kwamba PCB ni njia njema, kwamba nchi inataka madaktari, kwamba mtoto wa mtu si mche wa kupanda unapotaka. Alikuwa amejiambia vizuri, na bado akiteremka kwenye gari hakuwa ameliamini hata neno moja.

Alikata kona ya mwamba. Ndipo alipoisikia.

Kang.

Alisimama. Kukawa kimya kifupi, kimya cha mtu anayeinama. Akadhani ni Clavery. Akashuka hatua chache, akachungulia.

Brightness alikuwa peke yake kwenye mteremko, sketi ameikunja, jiwe mkononi, analiweka pembeni. Mabingobingo mengine yalikuwa yameangushwa na mvua, naye alikuwa anayasimamisha, anayakandamiza kwa kisigino. Machache, yale ya mstari wa juu, yalikuwa yametoa ncha za kijani zisizozidi urefu wa ukucha. Chini yake, shimoni pale pale lilipokuwa, lilikaa beseni la bluu.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba."

"Mama amesema lirudi likiwa limeoshwa." Akafuta uso kwa mkono, akajipaka tope zaidi. "Na fomu nimejaza. CBA ya kwanza. PCB ya pili. Mama amesema ya pili iwe ya kwake."

Mwalimu Modesta alitikisa kichwa kukubali. Akaona kilemba chake kimelegea, akashughulika na kilemba.

Juu, wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wameanza kupita. Mmoja wao, mwenye sauti nyembamba ya jogoo mchanga, akapaza.

"Dada Brightness! Leo umechelewa?"

Brightness aliinua kichwa. "Kengele imelia?"

"Bado!"

"Sasa nimechelewaje?"

Wadogo waliendelea na njia yao, wakigeuka-geuka nyuma. Brightness akaliinua jembe tena. Mwalimu Modesta alishuka hadi aliposimama yule binti, akachukua jembe la pili, akalishika bila kulinyanyua, na akasema kwa sauti ndogo mno, karibu na udongo, "Umewahi, mwanangu. Umewahi."